Sungura wa Florida

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikilipwa kuandika kuhusu mahali ambapo sijawahi kufika na, nikiangalia salio langu la M-Pesa, sitafika karibuni. Mteja wangu ni jamaa anayeishi Florida. Ana chaneli ya video kuhusu bustani za burudani, zile kubwa za Disney na wenzao. Mimi naandika, yeye anasoma mbele ya kamera. Skripti moja ni dola 15. Nikiamka napata ujumbe wake, na mara nyingi ni sentensi moja tu: wamefunga kitu fulani, eleza kwa nini watu wana hasira.

Watu huwa wana hasira kila wakati. Juni 2025, Walt Disney World ilifunga Muppet*Vision 3D. Julai ikafuata Rivers of America, ule mto wa kutengenezwa pamoja na meli yake, ili wajenge sehemu ya magari ya katuni. Nilikaa na laptopu juu ya mapaja, tokeni za stima zikihesabu kurudi nyuma, nikisoma malalamiko ya watu wazima waliokuwa wakililia mto usio mto. Mwanzoni nilicheka. Wacha niseme ukweli, nilicheka sana. Mtu ana kazi, ana bima, ana gari, halafu anashindwa kulala kwa sababu ya bembea.

Naita vyote bembea kwa sababu sina neno jingine. Mtaani kwetu, Desemba ikifika, jamaa mmoja alikuwa analeta mtambo wake wa chuma kwenye ploti tupu karibu na stendi ya matatu: viti vinane vya rangi, vikizungushwa kwa mkono na vijana wawili waliovua mashati. Shilingi 10, mizunguko mitano. Tuliita bembea. Kulikuwa na ile ya kuzunguka na ile ya kupanda na kushuka, na zote zilikuwa bembea. Kwa hiyo mlima wa Disney wenye maji na mashine za mamilioni, kwangu, nao ni bembea.

Mlima wenyewe ndio ninaotaka kuzungumzia. Uliitwa Splash Mountain. Ulifunguliwa Disneyland, California, mwaka 1989, kisha Florida na Tokyo mwaka 1992. Unaketi ndani ya gogo linaloelea, unapita polepole kwenye mapango yenye wanyama bandia wanaoimba, halafu mwishoni gogo linapanda juu na kukuangusha karibu mita 16 hadi kwenye dimbwi. Unatoka umelowa, umepigwa picha ukipiga mayowe.

Juni 2020, Marekani ikiwa barabarani kwa sababu ya mauaji ya George Floyd, Disney ilitangaza kwamba mlima huo utabadilishwa. Ule wa Florida ulifungwa Januari 2023, wa California mwishoni mwa Mei mwaka huohuo. Siku ya mwisho kule Florida watu walipanga foleni ya saa nyingi. Baadaye kukawa na watu wanaouza mitungi ya maji eBay, wakisema ni maji ya Splash Mountain. Maji! Wewe unayekaa kwa ploti ambapo maji huja Jumanne na Ijumaa, hebu fikiria hilo.

Mteja wangu alitaka skripti mbili. Ya kwanza iseme mlima mpya, Tiana's Bayou Adventure, uliofunguliwa Florida Juni 2024 na California Novemba, umeshindwa. Ya pili iseme umefaulu. Angezitoa kwa wiki tofauti. Nikamuuliza yeye mwenyewe anaamini ipi. Akanijibu kwa kikaragosi cha mtu anayepandisha mabega. Sawa. Dola 30 ni dola 30.

Kwa hiyo nikawa wakili wa pande zote mbili. Upande wa kwanza husema hivi: bembea mpya ina wanasesere wazuri ajabu, wanatembeza nyuso kama watu, lakini haina hadithi. Tiana anatafuta wanamuziki wa sherehe yake. Hakuna adui, hakuna hatari. Ukifika kwenye ule mwanguko unaanguka tu, bila sababu. Zamani ulianguka kwa sababu mtu alikuwa karibu kuliwa. Tena ilipofunguliwa ilikuwa inaharibika kila mara, watu wakiachwa ndani ya magogo wakingoja mafundi.

Upande wa pili husema: ile ya zamani nayo ilikuwa inaharibika, na kumbukumbu ndiyo inayoipaka rangi. Zaidi ya hapo, ilijengwa juu ya filamu ambayo kampuni yenyewe huionea aibu. *Song of the South*, ya 1946, inamwonyesha mzee Mweusi, Uncle Remus, akisimulia hadithi kwenye shamba la Wazungu kule Georgia kana kwamba maisha yalikuwa matamu kwa kila mtu. Mwigizaji wake, James Baskett, hakuweza hata kuhudhuria uzinduzi wa filamu kule Atlanta kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Alipewa Oscar ya heshima mwaka 1948 na akafariki mwaka huohuo. Disney haijawahi kuuza filamu hiyo kwa kaseti wala diski nchini Marekani. Sasa unawezaje kuificha filamu na kuacha mlima wake usimame?

Nilikuwa nimeshaandika hoja zote hizo, na bado nilikuwa sijaangalia bembea yenyewe mwanzo hadi mwisho. Usiku mmoja bando likiwa limebaki kidogo, nikaamua kuitazama. Kuna watu walioirekodi kila hatua, ndani ya giza, kwa kamera za bei ya gari. Nikavaa visikizi.

Mhusika ni sungura. Anaondoka kwake kwenda kutafuta raha. Mbweha na dubu wanamwinda. Anajifanya mjanja, ananaswa. Na akiwa mikononi mwa mbweha anaomba: nifanye lolote, nichome, nininyonge, lakini tafadhali usinitupe kwenye miiba. Mbweha, mpumbavu, anamtupa kwenye miiba. Na sungura amezaliwa kwenye miiba. Ule mwanguko wa mita 16 ndio kutupwa kwenyewe.

Nikasimamisha video. Manze, mimi huyu sungura namjua.

Namjua kutoka Kitui, kwa nyanya yangu mzaa mama, jikoni, moshi ukinichoma macho. Mto umekauka, wanyama wanachimba kisima mchangani, kila mmoja kwa zamu. Sungura anakataa kuchimba, ati ana mgongo. Maji yakipatikana, usiku anakuja kuiba. Simba analinda, anadanganywa. Fisi analinda, anadanganywa. Mwishowe kobe anapakwa ulimbo mgongoni na kulala ndani ya kisima kama jiwe. Sungura anakanyaga, mguu unanasa. Anapiga teke kwa mguu wa pili, nao unanasa. Mkono, mkono, kichwa.

Kwa Wamarekani ni yuleyule, ila kobe amekuwa kijisanamu cha lami. Joel Chandler Harris, mwandishi wa gazeti, Mzungu, alisikia hadithi hizi akiwa kijana kwenye shamba moja la Georgia, kutoka kwa watu waliokuwa watumwa, na kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1880. Hao watu hawakutoka Ukambani. Wengi wa mababu zao walichukuliwa Afrika Magharibi na ya Kati. Lakini sungura mjanja anasimuliwa sehemu kubwa ya bara hili, na mtego wa kunata nao umesambaa vivyo hivyo. Alivuka bahari ndani ya vichwa vya watu waliofungwa minyororo, akaandikwa na Mzungu, akachorwa na Disney, akawekwa kwenye mlima wa plastiki. Na walipojenga mlima waliona lami itawaletea shida, wakaibadilisha kuwa asali. Halafu mlima ukafungwa. Katika vita vyote nilivyokuwa nimevisoma kuhusu nani ameibiwa nini, sikumbuki mtu aliyemtaja mwenye hadithi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, nami nikajua jinsi walivyokuwa wanajisikia wale niliowacheka.

Lakini kulikuwa na shida. Nilijaribu kukumbuka nyanya alimalizaje hadithi, nikakuta miiba. Nyanya akisema kwa sauti ya sungura, ya puani, usinitupe kwenye miiba. Nilimsikia kabisa. Halafu nikajiuliza: nilimsikia yeye, au nimesoma malalamiko ya Florida miezi yote hii mpaka yameingia jikoni kwake?

Nyanya alifariki nikiwa kidato cha pili. Hakuna aliyemrekodi.

Nikampigia mamangu. Wacha nieleze kwamba mimi na mamangu hatuongei vizuri tangu niache chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa imekwama, ndiyo, lakini hata alipouza ng'ombe na kutuma nusu, sikurudi. Nilikuwa nimeanza kupata kazi za mtandaoni na nikajiambia naweza kujitegemea. Kwa majirani anasema niko likizo ndefu.

"Mama, unakumbuka ile hadithi ya nyanya, ya kisima?"

"Ya kobe na ulimbo? Saa nne usiku unataka hadithi? Umekula?"

"Nimekula. Sungura akishanaswa, aliponaje?"

Akanyamaza kidogo. "Aliwaambia wasimtupe kwenye jivu. Wamtupe kwenye mwamba afe haraka, lakini si kwenye jivu. Wakamtupa kwenye jivu. Likaruka, likawaingia machoni, akatoroka."

"Haikuwa miiba?"

"Miiba ya nini? Jivu. Si ndiyo maana mama alikuwa anachota jivu la mekoni na kulirusha akifika hapo? Wewe ulikuwa unakohoa."

Nikamuunganisha dada yangu kwenye simu. Dada akasema nyote mmekosea, sungura hakupona. Simba alimkata mkia, ndiyo maana mkia wake ni mfupi, mwisho wa hadithi. Mama akamwambia hiyo ni nyingine, ya fisi na harusi. Dada akasema yeye ndiye aliyekaa na nyanya miaka mingi kuliko sisi. Mama akasema, "Mimi nilizaliwa na huyo nyanya!" Tulibishana dakika 40 kwa salio langu. Kila mmoja alikuwa na hakika. Ungetusikia ungedhani kuna kitu cha kugawana.

Nilipokata simu nilikuwa nimewaelewa wale watu wa mitungi ya maji. Nani atalia kwa sababu ya plastiki na pampu? Wanalilia baba aliyewashika mkono kwenye foleni, na hakuna mahali pengine pa kwenda kumtafuta. Kumbukumbu yao imejengewa jengo, na jengo lina mwenyewe, na mwenyewe ana hesabu zake. Hata huo mlima wa California ulijazwa wanasesere waliotolewa kwenye onyesho jingine, America Sings, lililofungwa mwaka 1988. Kuna mtu fulani mahali fulani ambaye Splash Mountain ndiyo iliyomwibia utoto wake.

Lakini wao angalau wameirekodi. Ukitaka kujua kila neno ambalo sungura wa plastiki alisema, yapo, kwa pembe kumi tofauti. Mimi wa nyanya nimebaki na jivu, miiba, mkia, na simu ya dakika 40. Ule mtambo wa mtaani nao uliondoka hivyo. Desemba moja tukakuta ploti imechimbwa msingi, leo ni ghorofa sita na mipesa chini. Hakuna aliyesaini kitu wala kupiga picha. Tulikwenda nyumbani.

Skripti niliandika zote mbili, nikalipwa. Kwenye ile ya pili niliongeza aya moja kuhusu sungura alikotoka. Mteja akaifuta. Alisema ni nzuri lakini inapunguza mwendo.

Jumamosi nilipanda basi la Kitui. Mamangu alinisimulia ya kisima mwanzo hadi mwisho, simu ikirekodi juu ya stuli, kwa Kikamba, huku kuku wakipita. Alipofika mwisho alichota jivu mekoni akalirusha kabla sijajiandaa. Nikakohoa. Kwenye rekodi nasikika nikikohoa, halafu yeye anacheka, halafu anauliza, kwa sauti ileile ya hadithi, nitarudi chuo lini.

Hapo nimepaacha. Sikukata.