Ngiri kwa Upande wa Ndani

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nilikuwa nasomea ubingwa wa upasuaji mjini Moshi, na mazoezi yetu ya upasuaji wa matundu madogo tuliyafanyia katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Kifaa chenyewe kilikuwa boksi la plastiki la kuhifadhia nguo, kifuniko kimetobolewa, ndani mna taa na kamera ndogo ya kompyuta. Ulipitisha vyuma viwili virefu kwenye matundu, ukaokota punje za mahindi moja moja kutoka kikombe hiki hadi kile, macho kwenye skrini. Ukipeleka mkono kulia, ncha inakwenda kushoto, ukiinua, inashuka. Punje inateleza, bega linakaza, shingo inauma. Jioni nyingi zilipita hivyo.

Wagonjwa wa ngiri hawakukosekana wodini. Walikuja wakulima wa Kibosho na Uru, vibarua wa mashamba ya miwa kule tambarare, na wapagazi wa Kilimanjaro wanaowabebea wageni mizigo ya hadi kilo 20. Wengi walikuwa wameishi na uvimbe kwa miaka, wakiurudisha kwa kiganja kila walipolala, mpaka siku uliyokataa kurudi. Utumbo ukibanwa hivyo damu haipiti, na baada ya saa chache huanza kufa. Hao walifika usiku, na wao tuliwafungua kwa kisu bila kuwaza kamera.

Ndiyo maana mwalimu wetu hakumruhusu mtu kusogelea kamera kabla hajaijua njia ya wazi. Tulianza na ile ambayo Irving Lichtenstein na wenzake wa Los Angeles waliichapisha mwaka 1989: kuziba tundu kwa wavu badala ya kuvuta misuli na kuishona kwa nguvu. Wavu wa kiwandani ulikuwa ghali mno kwa familia nyingi. Utafiti uliofanyika Uganda kwa wanaume 302 na kutangazwa mwaka 2016 ulipoonyesha kwamba wavu wa kitambaa cha chandarua, ukitakaswa vizuri, hauzidiwi na ule wa bei kubwa, nilifurahi kama mtu aliyetendewa haki. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaodhani mgonjwa maskini anatosheka na kazi ya zamani. Hatosheki, na wala hapaswi kutosheka.

Kwa njia ya wazi unakiona kinena kwa mbele, tabaka baada ya tabaka. Kwa kamera unaingilia kitovuni, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, na ukuta ule ule unautazama kwa ndani. Mambo yote uliyoyakariri yamegeuka. Mwalimu alituchorea ubaoni kwa kalamu nyekundu: upande wa ndani mrija wa mbegu, upande wa nje mishipa ya damu ya korodani, na katikati yake, chini ya utando mwembamba, ateri na vena kubwa ziendazo mguuni. Hiyo ndiyo pembetatu ya maangamizi. Nje yake kuna pembetatu ya maumivu, zinamopita neva za paja. Ukipiga mshono hapo, mwanamume huyo anaweza kukaa miaka akisikia moto kwenye paja. "Hapa hapashonwi," alisema, akarudia kuuchora mstari mpaka ukawa mnene.

Kulikuwa na zoezi moja ambalo sijaliona katika kitabu chochote. Tukiwa katikati ya kuokota mahindi, alizima skrini bila kutuonya, akahesabu kimyakimya, kisha akaiwasha aone kama ncha za vyuma zimesogea. Umeme wa Moshi ulikuwa ukikatika, na jenereta huchukua muda kushika. Katika giza lile, chuma chako kiko sentimita chache tu kutoka kwenye vena ya mguu. "Usivute, usisukume. Subiri," alituambia. Niliyakumbuka maneno hayo thieta zaidi ya mara moja.

Mwalimu wetu mwingine alikuwa sista wa thieta. Kila baada ya operesheni alivifungua vyuma kipande kwa kipande, akavisugua kwa brashi, akahesabu hata skrubu. Vingepotea, programu nzima ingelala. "Dokta, usichojua kukifungua, usikitumie," alisema, na hapakuwa na bingwa aliyethubutu kumbishia.

Operesheni nzima hatukupewa kwa mkupuo. Kwanza ulishika kamera tu. Baadaye ukaachiwa kuutenga utando wa tumbo na ukuta, kisha kuweka wavu wa sentimita 10 kwa 15, ulioviringwa kama mkeka, ukaukunjua hadi ukafunika tundu lote na ziada pande zote. Mwisho kabisa ni kuufunga utando kwa uzi, maana pini za kubania hatukuwa na fedha za kuzinunua. Hapo ndipo punje za mahindi zilipolipa.

Mwongozo wa kimataifa wa tiba ya ngiri wa mwaka 2018 unakadiria kwamba daktari anahitaji operesheni 50 hadi 100 za kamera chini ya uangalizi, na kwamba 30 hadi 50 za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Kwa hiyo siziamini kozi za siku mbili zinazoishia kwa cheti na picha ya pamoja. Wageni waliokuja kutufundisha walitufaa sana, lakini aliyesimama nyuma ya bega langu Jumanne baada ya Jumanne ni yule aliyebaki.

Wenzangu wametawanyika: Singida, Tabora, Songea. Tuna kundi letu la WhatsApp, na mwalimu, ambaye sasa amestaafu, bado yumo. Juzi mmoja alituma video ya operesheni yake, tukampongeza. Baada ya saa moja ikaingia sauti ya mzee: "Vizuri, mwanangu. Sasa nitumie ile sehemu uliyoikata, pale chini ya mishipa ya korodani. Umepapita haraka."