Upanga wa Geralt na kamba ya Odysseus

Vijana wetu siku hizi wana mchezo ambao wazee wengi hawaujui. Si mpira wala karata. Huchezwa mbele ya kioo cha televisheni au cha kompyuta, na mchezaji huongoza mtu wa hadithi katika nchi isiyokuwapo duniani. Wadogo zetu wa nyumbani, ambao wamekwisha kuwa watu wazima, wanapenda mmoja uitwao The Witcher 3. Ulitolewa mwaka wa 2015 na kampuni ya CD Projekt Red, ya mji wa Warsaw katika Polandi, nao si mchezo wa watoto. Jioni nyingi tumekaa karibu nao, tukatazama na kuuliza. Leo twataka kusema neno juu ya adui mmoja wa mchezo huo, maana yeye anatukumbusha jambo linaloumiza watu katika mitaa yetu.

Mtu wa mchezo anaitwa Geralt. Alitungwa na mwandishi Andrzej Sapkowski katika hadithi fupi ya mwaka wa 1986. Kazi yake ni kuua mazimwi kwa malipo. Ana panga mbili: wa chuma kwa wanadamu, wa fedha kwa mazimwi. Akifika visiwa vya Skellige, penye bahari na baridi, hukutana na nguva, yaani wanawake wa majini wenye mkia wa samaki. Hawa wana mabawa pia. Kwa mbali ni wazuri wa uso. Ukiwakaribia, uso unageuka, kinywa kinajaa meno makali, nao wanairukia mashua kwa kelele. Geralt huwapiga mshale angali mbali, wakaanguka, kisha huwamaliza kwa upanga wa fedha.

Angalieni jinsi mchezo unavyomsaidia mchezaji. Geralt amevaa shingoni medali yenye kichwa cha mbwa mwitu, na medali hiyo hutetemeka uchawi au zimwi likiwa karibu. Tena nguva mwenyewe hujifunua: meno yake yanaonekana. Basi mchezaji hana mashaka, anapiga bila huruma, na hakuna mtu anayekufa. Ni picha tu. Hatuwalaumu vijana kwa hiyo.

Lakini habari ya nguva ni ya zamani sana kupita mchezo huu. Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, alisimulia habari za Odysseus, ambaye vitabu vya Kifaransa humwita Ulysse. Odysseus alipokuwa akirudi kwao kwa merikebu, ilimpasa kupita karibu na viumbe wenye kuimba, ambao kila aliyewasikiliza hakufika nyumbani tena. Homer hasemi kama walikuwa wazuri wa sura. Walimwahidi maarifa: kwamba wanajua yote yaliyotendeka vitani Troya, na yote yatendekayo duniani. Wachoraji Wagiriki waliwachora kama ndege wenye kichwa cha mwanamke. Mkia wa samaki ulikuja baadaye, katika Ulaya ya karne za kati. Watu wa Warsaw wameunganisha mambo yote mawili, mabawa na mkia.

Na Odysseus alifanya nini? Hakushika upanga. Aliwaziba wenzake masikio kwa nta, naye akawaambia wamfunge kwa kamba kwenye mlingoti. Tena aliwaonya hivi: nikiwaomba mnifungue, mzidi kunikaza. Wimbo ulipomfikia aliwaashiria wamwachilie, nao wakainuka wakamkaza zaidi. Hivyo wote wakapita. Aliyefungwa si yule aliyeimba; ni yule aliyesikia.

Mji wa Warsaw wenyewe una fundisho lingine. Katika alama ya mji huo amechorwa nguva mwenye upanga na ngao. Kando ya mto Vistula yuko sanamu yake, iliyochongwa na Ludwika Nitschowa na kusimamishwa mwaka wa 1939. Huyo si adui, ni mlinzi wa mji. Basi mji mmoja unamheshimu nguva katika alama yake, na katika mchezo wake unamwua. Mkia wa samaki peke yake haumwambii mtu neno.

Sisi katika Kongo tunaye nguva wetu, mamba-muntu. Kule Lubumbashi, katika miaka ya 1970, picha zake zilitundikwa katika nyumba nyingi: mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki. Watu husimulia kwamba humpa mtu mali nyingi, lakini kwa sharti gumu. Hadithi ni hadithi, na mtoto anaweza kuisikia akalala salama. Ubaya huanza tunapomtafuta mamba-muntu miongoni mwa jirani zetu.

Tulimjua mama mmoja mjane aliyeuza ndagala sokoni. Aliamka kabla ya majogoo, hakukopesha ovyo, na baada ya miaka kadhaa akajenga nyumba ya matofali. Wakasema: mali hii imetoka majini. Binti yake alikuwa mzuri. Kijana mmoja aliyempenda alimaliza mshahara wake kwa pombe, na watu wakasema: binti amemroga. Wateja wakapungua. Usiku mmoja mawe yakapigwa mlangoni pao, na kabla ya mwezi kwisha mama na binti wakahama. Hakuna uso uliogeuka, hakuna jino lililoonekana. Waliotupa mawe walikuwa na hakika kama Geralt, lakini medali yake hawakuwa nayo. Na yule kijana, je, alipona? La. Aliendelea kunywa, maana mwenye kumvuta hakuwa yule binti.

Ndugu zetu, hatukatai kwamba ziko nyimbo zenye kuwapoteza watu. Pombe huimba. Fedha ya haraka huimba. Mchezo wenyewe huimba pia: tumewaona vijana wakikaa mbele ya kioo mpaka alfajiri, wakaenda kazini wakisinzia. Lakini dawa yake ni kamba, wala si upanga. Mwenye kushindwa na pombe ampe mkewe mshahara kabla ya kupita mbele ya baa. Mwenye kupenda mchezo amwambie dada yake: saa nne ikifika, zima mashine, na nikipiga kelele, usiniwashie.

Tena kamba hiyo haifungwi na mtu peke yake. Odysseus asingalipita bila wenzake waliokubali kumkaza hata alipowakasirikia. Yafaa kila mmoja wetu awe na rafiki wa namna hiyo, naye awe rafiki wa namna hiyo kwa mwingine. Na tukiona jirani amefanikiwa, au binti wa jirani amependeza, tuache upanga wa fedha ndani ya mchezo.