Injini Ikilia Mteremkoni, Iache Ilie

Kama unaishi katika mitaa yetu hii ya nyumba zilizobanana, bila shaka unaye jirani kama wangu. Saa kumi na moja alfajiri huwasha gari, akalipiga resi mara tano, sita, mpaka madirisha yakatetemeka na watoto wakaamka. Ati anapasha injini moto! Lakini bwana huyo huyo, siku ya kwenda mashambani, injini ikipandisha sauti kidogo tu mteremkoni, hutia gia huru haraka ili gari liteleze kimya. Kwake kelele ya kwanza ni matunzo na ya pili ni uharibifu. Mimi nasema mambo ameyageuza kichwa chini miguu juu.

Mjomba wangu, aliyeendesha malori kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi, alinifunza gari kwa sikio kabla ya kunikabidhi usukani. Hebu tazama ile saa ya mshale iliyo mbele ya dereva. Mshale ukisimama kwenye 3, injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani kila pistoni inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde moja. Alfajiri oili ingali nzito, haijasambaa vyema. Kupiga resi wakati huo ni kusuguanisha vyuma bure. Gari la siku hizi, lisilo na kabureta, lingoje nusu dakika hivi kisha liondoke polepole. Na ndani ya gereji iliyofungwa usiliache likinguruma hata kidogo, kwani moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua.

Mteremkoni ni hadithi nyingine. Ukiinua mguu kwenye mafuta huku gia ya pili au ya tatu imeingia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini inakataa, inalia, na kwa kule kukataa inalizuia gari. Wengi hudhani kelele hiyo inakula petroli. La hasha! Magari mengi yasiyo na kabureta hukata petroli wakati huo. Lile lililotiwa gia huru ndilo linaloendelea kunywa, ili injini isizimike.

Tena gia huru huziachia breki kazi yote. Chukua mteremko wa Mai Mahiu, barabara ile iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakaacha na kanisa dogo kando yake. Ukiushuka kwa breki tupu, zitapata moto, zianze kunuka, kisha zipoteze nguvu. Mafuta ya breki yakichemka, pedali huzama hadi sakafuni na hakuna kinachoshika. Hapo ukitafuta gia ya chini, aghalabu hukataa kuingia kwa kuwa gari limekwisha kupata kasi. Kule Salgaa, kati ya Nakuru na Eldoret, madereva wa malori walilaumiwa kwa miaka mingi kwa kushuka hivyo ili kuokoa mafuta. Miongoni mwa waliolipa ni abiria waliokuwa wakija upande wa pili.

Basi chagua gia kabla ya kuuanza mteremko. Gia ambayo ungepandia mlima huo, alisema mjomba, ndiyo ya kuushukia, nami sijasikia kanuni iliyo rahisi kuliko hiyo. Wenye otomatiki, msijitoe. Mara nyingi karibu na D kuna 2 na L, na magari mengi ya zamani kutoka Japani yana kitufe cha O/D ambacho wenyewe hawakijui, kizime. Mshale utapanda hadi 3 au 4, na watoto kiti cha nyuma watauliza kulikoni. Ni sawa, maadamu haujafika penye rangi nyekundu. Ukipakaribia, kanyaga breki sawasawa kwa muda mfupi mpaka kasi ipungue, uziachilie zipoe, kisha urudie.