Uraibu Wangu wa Bati

Watu wetu wanapoulizwa utamaduni wa taifa ni kitu gani, aghalabu hutaja ngoma, mashairi, vinyago na mavazi. Aliyesoma zaidi ataongeza uhunzi wa kale. Atakueleza jinsi Wahaya walivyoyeyusha chuma cha pua zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, jambo ambalo wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walilitangaza mwaka 1978. Au atakusimulia tanuri za udongo za Wafipa, ambazo kimo chake kilimzidi mtu mzima. Kisha atanyamaza, kana kwamba siku ile moto wa tanuri ulipozimika, mkono wa mtu wetu nao uliiacha nyundo.

Nami nilikuwa miongoni mwa wanaonyamaza. Nilifundisha hesabu katika shule za sekondari kwa miaka 31, na katika muda huo wote sikuwahi kulihesabu karai, kibatari wala kizoleo kuwa ni kitu cha utamaduni. Vilikuwa vitu vya sokoni tu. Kikipasuka hutupwa, kikahitajika kingine hununuliwa.

Nilistaafu mwaka 2008. Mstaafu ana maradhi yake: huamka alfajiri kama alivyozoea, akavaa viatu, kisha akakumbuka kwamba hana pa kwenda. Wenzangu walishika bao. Mimi bao lilinishinda, kwani wachezaji wa mtaani kwetu hawana huruma na mwanafunzi. Mwaka uliofuata chombo changu cha kumwagilia mchicha kiling'oka mkono, nikakipeleka Gerezani, jijini Dar es Salaam, kwa mafundi bati. Fundi niliyemkuta alikuwa mtu wa umri wangu, ameketi mbele ya kipande cha reli alichokifanya fuawe. Aliuliza kazi yangu, nikamjibu, na tangu hapo akaniita Mwalimu. Aliurudisha ule mkono kwa ribiti nne kabla sijamaliza kikombe cha kahawa. Nikamwomba aniachie ya tano niigonge mwenyewe. Alicheka, akanipa nyundo. Ribiti yangu ililala ubavu, bati likabonyea, na jirani zake wakaacha kazi ili watazame. Nilirudi kesho yake. Tukapatana nije Jumanne na Alhamisi, na nimlipe kidogo kwa kila siku ya mafunzo.

Msomaji asiyeijua ribiti aifikirie kama kijiti kifupi cha chuma laini, shaba au alumini, chenye kichwa upande mmoja na kisicho na ncha upande wa pili. Hupitishwa katika matundu ya mabati mawili yaliyolaliana, kisha mkia wake hugongwa mpaka ukawa kichwa cha pili. Maelezo ni hayo, na mtoto wa darasa la tatu atayaelewa. Kazi yenyewe ndiyo yenye masharti. Tundu likiwa pana mno, ribiti hujikunja ndani yake. Mkia ukizidi urefu hulala kama wangu ulivyolala, ukipungua haushiki. Fundi aliuacha ujitokeze kiasi cha unene wa ribiti mara moja na nusu, na kipimo hicho alikichukua kwa jicho. Kabla ya kuugonga aliuvika kichuma chenye tundu, akakipiga pigo moja zito ili mabati yabanane. Ndipo yakafuata mapigo mawili matatu ya wima, ya kuutanua mkia ulijaze tundu, na baada yake mapigo madogo ya kuzunguka, mepesi, mpaka kichwa kikaviringana kama punje ya choroko. Ribiti nyingi hakuzinunua. Alizikata katika misumari.

Ilinichukua miezi miwili kupata ribiti kumi mfululizo zilizosimama sawa. Sijui kama niliwahi kuwapa wanafunzi wangu miezi miwili kwa jambo lolote.

Lakini siku iliyonifunza zaidi ilikuwa siku ya faneli. Faneli ni pia iliyokatwa ncha, na pia ni mali yangu. Nimeichora ubaoni mara zisizo na idadi. Ya siku ile ilitakiwa kuwa na mdomo wa nusu kipenyo cha sentimita 5 na mteremko wa sentimita 15. Nilichukua kalamu nikamwonyesha Fundi kwamba bati lake halina budi kukatwa katika duara la nusu kipenyo cha sentimita 15, na kwamba kinachohitajika ni theluthi ya duara hilo, yaani nyuzi 120. Alisikiliza kwa adabu. Nilichora kwa bikari, nikakata kwa mkasi wa bati, nikakunja, nikalaza ukingo mmoja juu ya mwingine kwa sentimita moja ili nitoboe matundu ya ribiti. Kisha nikaleta mkanda wa mdomo ambao Fundi alikuwa amekwisha uunda. Ulipwaya. Mzingo wa mdomo ulitakiwa kuwa sentimita 31 na zaidi kidogo. Wangu ulipungukiwa na sentimita ile ile niliyoilaza.

Hesabu zangu zilikuwa sahihi, isipokuwa ziliifunga pia isiyo na mshono. Katika vitabu vyote nilivyofundishia, pia zilikuwa hazina mshono. Fundi hakusema neno. Alichukua uzi na chaki, akazungusha, akaweka alama, kisha pembeni mwa alama ya mwisho akaongeza upana wa kidole chake. Kidole kile ndicho kilichokosekana katika somo langu kwa miaka 31.

Kosa la pili lilikuwa la hatari zaidi, nami naliandika ili mwingine asilirudie. Bati likigongwa sana hukakamaa, na ukiendelea kuligonga litapasuka. Shaba hulainika ukiichoma mpaka iwe nyekundu, na Fundi alinionyesha hivyo alipokuwa akikarabati mdila wa muuza kahawa. Basi nyumbani nilikuwa nikichimba kibakuli kutoka katika bati la kuezekea la geji 28, na ukingo ulipoanza kufanya makunyanzi nikalitia katika jiko la mkaa. Moshi mweupe ukatoka, mtamu mdomoni. Usiku nilishikwa na baridi, homa na maumivu ya viungo, mke wangu akaniambia ni malaria. Kesho yake nikapona bila dawa. Fundi aliposikia alikasirika kweli kweli. Bati la namna ile limepakwa zinki, na moshi wa zinki ndio unaoleta homa ile. Mafundi wote wa kulehemu wanaijua, na wengine hunywa maziwa wakiamini kuwa yanawakinga. Yeye hakuyategemea maziwa. Alikataza tu bati la zinki lisiingie motoni.

Katika vipindi vya mapumziko nilijifunza pia historia ambayo sikuisoma popote. Chukua debe. Liliingia nchini likiwa limejaa mafuta ya taa, galani nne, madebe mawili katika kasha moja la mbao. Mafuta yalipokwisha, debe lilichotea maji, likapimia mahindi sokoni hata likawa jina la kipimo chenyewe, na lilipotoboka lilipasuliwa, likanyooshwa, likaezekea nyumba. Mabaki yalikatwa vibatari. Aliyeyafanya hayo yote ni mtu mwenye mkasi na nyundo, akitumia kile alichokitupa mwenzake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, tulifurahi kwamba ngoma zetu zimepata heshima. Laiti mtu angelitia debe nalo katika orodha.

Sasa nije kwenye jambo lililokaribia kutukosanisha. Mikono yangu ilipokwisha kukubali, nilianza kuunda vizoleo na faneli kwa wingi, na kwa kuwa sikuwa na haja ya fedha, niliwagawia jirani. Walinisifu sana. Mwenye duka la mafuta ya taa alipata faneli tatu. Mama ntilie wa kona alipata vizoleo viwili na sinia. Nilijiona mtu mwema. Alhamisi moja Fundi aliniuliza kama namjua mwenye duka fulani mtaani kwetu, nikamwambia namjua sana. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, yule alikuwa mteja wangu. Wewe unacheza, mimi nakula."

Niliona haya, na haya hiyo haikuondoka upesi. Nilikuwa nimeutetea ufundi wake mbele ya kila mtu kuwa ni utamaduni, na papo hapo nikauuza kwa bei ya bure. Anayegawa bure kazi ya mwenzake hamheshimu, hata akimsifu namna gani. Tangu siku hiyo kila aliyeniomba kitu nilimwelekeza Gerezani, na vya kwangu vikawa vya kubomoa na kuunda upya. Mke wangu alilalamika kwamba uraibu usio na faida ni makelele tu. Alikuwa na haki. Kuta zetu ni nyembamba.

Fundi hakuwa na wa kumrithi. Mwanawe wa kwanza alikuwa dereva, wa pili aliuza simu, na baba yao hakuwalaumu, kwa kuwa alijua kizoleo cha plastiki kinauzwa kwa bei gani. Siku moja alisema, "Nimetafuta kijana wa kumpa kazi hii, nikaletewa mzee." Sikujua kama ananisuta au anataniana nami. Nilicheka, naye hakucheka.

Mwaka 2013 macho yake yalianza kufifia. Ribiti aliigonga bado kwa kuisikiliza, lakini alama za kitoboleo zilimpotea. Jumanne moja nilimkuta na oda ya masanduku sita ya bati ya wanafunzi wa bweni, na siku ya kuyatoa ilikuwa Ijumaa. Alinisogezea kitoboleo bila kusema kitu. Kwa siku tatu mimi nilitia alama na kutoboa, yeye akagonga, na jioni ya Alhamisi tulifunga bawaba ya mwisho. Mwenye oda alipokuja alilipa taslimu. Fundi alizihesabu noti kwa vidole, akazigawa mafungu mawili, la kwake kubwa na la kwangu dogo, akalisukuma la kwangu juu ya reli.

Nikamwambia, "Fundi, mimi nina pensheni."

Akasema, "Chukua."

Nikachukua.