Njiani Kwenda Kazimia

Atokaye Baraka kwenda Kazimia, katika nchi ya Fizi, hushika njia ya kusini mpaka alione tena Ziwa Tanganyika. Njia ni mbaya, ya mawe na matope. Tulipanda lori lililojaa magunia ya chumvi, sabuni, madumu ya petroli, na akina mama waliokuwa wakirudi kwao pamoja na watoto.

Katika kupanda mlima, injini ikakohoa, ikaishiwa nguvu, ikazimika. Dereva, mtu mzima, akaingia uvunguni. Chini hapakuwa na hata tone la mazuti.

“Basi, Baba, bomba ni zima,” akasema msaidizi wake.

“Sivyo, mwanangu. Tangi liko chini kuliko pampu, na pampu huvuta. Penye tundu mafuta hayatoki. Hewa ndiyo iingiayo.”

Akalifuata bomba kwa vidole mpaka mahali lilipogusana na fremu. Kibano chake kilikuwa kimeanguka siku nyingi, na kila mtikisiko ulilisugua bomba juu ya chuma, hata likatoboka tundu dogo kama la sindano.

Msaidizi akaleta ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu, apate kulifunga. Dereva akakataa: “Mpira huu ukilowa mazuti huvimba na kulainika. Utatuvusha mlima huu, kisha utatuacha porini usiku pamoja na watoto hawa.”

Akakikata kwa msumeno kipande kilicholika, akazilainisha ncha kwa tupa, akaziunga kwa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta, akakaza kibano kila upande. Mabaki ya mazuti yalipokuwa yakidondoka katika karai, kijana mmoja akakaribia na sigara. Dereva akamfukuza kwa ukali, na haki yake, kwa maana petroli ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Nani katika Kivu ya Kusini amesahau Sange? Huko, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakaenda kuteka yaliyomwagika, moto ukalipuka, ukaua watu zaidi ya 200.

Kisha akalegeza skrubu ya chujio, akasukuma pampu ya mkono. Likatoka povu, halafu mafuta matupu. Akakaza skrubu, na injini ikawaka.

Abiria walitaka kuondoka mara moja, lakini dereva alimaliza kwanza kazi ambayo wengi huiacha. Alilivuta bomba mbali na fremu na mbali na bomba la moshi, akalishikiza mahali kadhaa lisichezecheze. Hapo ule ukanda wa mpira ukapata kazi yake: kuwa mto kati ya chuma na chuma, kwa nje tu.

Tulifika Kazimia jua likizama, akina mama wakipokewa na watu wao. Kibano kimoja kilichoanguka kilikuwa kimetupotezea nusu ya siku, na kingaliweza kutupotezea zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.