Vipande vya Hali ya Juu

Mteja wangu wa wakati huo nilimjua kwa herufi mbili tu za jina lake. Aliko sikujua. Kazi aliituma Jumanne usiku: maneno 2,000 kuhusu michezo ya ubaoni yenye picha maridadi na vipande vya hali ya juu. Dola 14. Aliitaka Alhamisi asubuhi. Chini kabisa akaongeza sharti moja: niandike kama mtu aliyeishika michezo hiyo kwa mikono yake.

Nilikuwa nimekaa kitandani, nyumbani kwetu Ndanai, laptop juu ya mapaja, simu imewekwa dirishani kwa sababu hapo ndipo mtandao hupatikana. Mvua ilikuwa inapiga mabati vibaya. Nikaanza kuandika.

Niliandika kuhusu Wingspan, mchezo wa ndege uliobuniwa na Elizabeth Hargrave ukatoka mwaka 2019. Una kadi 170, kila kadi na ndege wake aliyechorwa kwa mkono, vijiyai vidogo vya rangi za kupoza macho, na kimnara cha kurushia dadu kilichotengenezwa kama kibanda cha kulishia ndege. Nikasema mayai yale yanateleza vidoleni kama peremende. Niliandika kuhusu Azul, mchezo wa Michael Kiesling uliopata tuzo ya Spiel des Jahres kule Ujerumani mwaka 2018, wenye vigae 100 vinavyofuata mapambo ya kuta za Ureno. Nikasema uzito wa kigae kimoja mkononi unatuliza roho.

Roho ya nani? Mimi nilikuwa nimetazama video saba kwa kasi maradufu ili bundles zisiishe. Hakuna hata mchezo mmoja kati ya ile kumi na miwili niliowahi kuuona ukiwa nje ya skrini.

Kama umewahi kufanya hii kazi ya kuandika mtandaoni, unaelewa. Nimesifu magodoro ambayo sijalalia. Nimeshauri watu chakula gani cha mbwa kinafaa tumbo la mbwa mzee, na mbwa wetu anakula ukoko wa ugali. Mwanzoni unaona ni uchawi mtamu. Baadaye unazoea kusema kitu usichokijua kwa sauti ya mtu anayekijua, na mazoea hayo hayabaki kazini. Yanakufuata hadi mezani.

*

Chuo niliacha mwaka wa tatu. Sikufukuzwa. Deni la karo lilikuwa limefika mahali ambapo singeruhusiwa kufanya mtihani, nikapiga hesabu: majani chai ya nusu ekari yetu, maziwa ya ng'ombe wawili, na dada yangu aliyekuwa kidato cha pili. Hesabu ilikataa. Nikafunga blanketi na sufuria, nikapanda gari la kurudi Sotik, na nilipofika nyumbani nikamwambia Baba kwamba siku hizi tunasoma kwa mtandao.

Haikuwa ngumu kuamini. Nchi nzima ilikuwa imeona watu wakisoma kwa simu wakati wa korona. Akinikuta usiku naandika kuhusu magodoro, anafunga mlango polepole asinisumbue. Mara nyingine Mama aliniletea kikombe cha mursik, akakiweka chini bila kusema kitu, kama mtu anayeingia kanisani watu wakiomba.

Niliishi hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, mimi na Baba tulicheza drafti. Ubao wetu ni wa babu. Ni upande mmoja wa sanduku la chai, la enzi zile chai ilipokuwa ikifungwa kwenye masanduku ya mbao nyembamba kabla ya magunia ya karatasi. Babu aliukata, akapima miraba kwa rula ya shule, miraba nane kwa nane, ile myeusi akaipaka kiwi ya viatu. Ukiugeuza bado unaona nusu ya herufi zilizopigwa chapa, ambazo hazisomeki tena. Kete ni vifuniko vya soda. Mmoja anacheza na vilivyolala chali, mwingine na vilivyolala kifudifudi. Kingi ni kifuniko kilichobebeshwa kingine.

Kwa vipimo vya ile makala yangu, ubao huu ungepata nyota sifuri. Vifuniko vina kutu. Mraba mmoja pembeni umebanduka. Lakini ndio ubao pekee ninaoweza kuuelezea bila kutazama video, na hakuna mtu aliyewahi kunilipa kuuelezea.

Baba ana mtindo wake. Drafti inakulazimisha kula. Kete ikiachwa wazi mbele yako huna ruhusa ya kuipita. Kwa hivyo yeye hukupa. Anasukuma kifuniko kimoja polepole, macho yako kwenye migomba, kama amekisahau. Unakula. Halafu anakula vyako vitatu mfululizo, tak tak tak, na kuuliza, "Muhula unaisha lini?"

"Karibu, Baba."

"Sawa."

(Tunaongea Kipsigis nyumbani. Kwa Kiswahili "sawa" yake inaonekana fupi. Kwetu ilikuwa fupi zaidi.)

*

Makala ilikubaliwa. Ikatoka chini ya jina la mtu mwingine, kama kawaida. Lakini sentensi ile ya uzito unaotuliza roho ilinikwama. Nilitaka kushika kitu. Kimoja tu. Kitu kilichotengenezwa vizuri kwa ajili ya mchezo.

Nikaanza kufikiria vilivyo karibu nami. Michezo yetu ya zamani haikuwa na sanduku. Pale Hyrax Hill, nje ya mji wa Nakuru, kuna mabao yaliyochimbwa kwenye mwamba wenyewe, mashimo safu kwa safu. Ukitaka kuhama na mchezo wako, hama na mlima. Wamaasai wana enkeshui, Wakikuyu giuthi, Wajaluo ajua. Na pwani, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, kuna bao la kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64. Chess ni kinyume chake kabisa: miraba 64, vipande 32. Niligundua hilo nikiwa kwenye boda na nikacheka peke yangu, dereva akageuka kuangalia kama niko sawa.

Kete za bao ni mbegu za mkomwe, za kijivu, ngumu kama mawe. Haziji na mng'aro kutoka kiwandani. Zinang'arishwa na viganja vya watu. Bao lililochezewa miaka mingi linakuwa laini kuliko siku lilipochongwa, na hiyo ni sifa ambayo sikuiona kwenye video hata moja kati ya zile saba. Vile vya kwenye video vilikuwa vizuri kwa sababu ndio vinafunguliwa.

Zanzibar ni mbali na mfuko wangu. Tabaka si mbali. Ukitoka kwetu unapanda boda hadi Sotik, kisha matatu ya Kisii kupitia Keroka, kisha gari lingine. Pale ndipo yanapochimbwa na kuchongwa mawe ya sabuni, yale ambayo umeona kila duka la watalii: viboko, sahani, na seti za chess.

Fundi aliyenipokea alikuwa mzee, ameketi juu ya kiti kifupi chini ya turubai, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Nilipomwambia natoka Ndanai alicheka. "Jirani wa upande wa ng'ombe. Karibu, kijana."

"Asante, mzee. Nimekuja tu kuona."

"Kuona ni bure."

Jiwe hukatwa kwa msumeno, likapunguzwa kwa panga hadi lipate umbo la jumla, halafu kisu kidogo ndicho kinatoa shingo, masikio, macho. Wanalilowesha maji kwanza, kwa sababu likiwa limelowa linakubali kisu na vumbi linapungua. Hatua ya msasa ni ya akina mama. Walikuwa wamezunguka beseni la maji, wanasugua kwa msasa mkali, halafu wa kati, halafu laini kabisa, kipande kikizama na kuibuka. Kikikauka ndipo hupakwa rangi kama ni cha rangi, huchorwa kwa ncha kali, na mwisho hupakwa nta. Wakati huo ndipo jiwe linaonyesha mishipa yake, ya waridi, ya krimu, ya kijivu.

Nilihesabu: seti moja ni vipande 32. Vichwa vinne vya farasi vinavyotakiwa kufanana, vilivyochongwa na mkono mmoja bila mashine.

"Mzee, wewe unacheza chess?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Najua hawa wanane wadogo wanasimama mbele. Hiyo inanitosha." Akaendelea kukwangua. "Kuna mtu huja kuchukua. Anapeleka Nairobi, zingine zinavuka. Zinakoenda watu wanajua kucheza."

Nilikaa kimya muda. Yeye anachonga mchezo asioujua kwa watu asiowaona. Mimi naandika juu ya michezo nisiyoijua kwa watu nisiowaona. Nilitaka kusema tunafanana, lakini nilipotazama mikono yake nikaona hatufanani. Hajui kucheza na hajasema anajua. Farasi wake ni farasi kweli. Ukimwangusha utasikia mlio wake.

Akanipa farasi na kipande cha msasa laini. Nikasugua ndani ya maji mpaka vidole vikakunjamana. Nilipomtoa alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia na baridi kama chuma cha geti asubuhi. Hakunituliza roho hata kidogo. Nilianza kufikiria Baba.

*

Nilinunua seti yenye kasoro. Ngome moja ilikuwa imemegeka ukingoni na mteja wa Nairobi aliikataa. Shilingi 1,500 pamoja na ubao wake. Niliifunga kwa magazeti, nikaipakata matatu zote hadi nyumbani.

Jioni Baba alitoa ubao wa babu. Nikamwambia leo nimeleta mwingine. Alifungua magazeti taratibu, akatoa kipande kimoja kimoja na kukipanga kwenye benchi kama mtu anayepanga mayai. Farasi akamshika muda mrefu. Akampima kwenye kiganja, akapitisha kidole gumba shingoni.

"Huyu amechongwa na mtu mwenye subira," akasema. "Umelipa ngapi?"

"Elfu moja mia tano."

"Pesa ya nani?"

"Yangu."

"Umeitoa wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani? Si wewe ni mwanafunzi?"

Aliuliza akiangalia migomba. Nikaona kifuniko kikisukumwa, na safari hii nikala nikijua. Nikamweleza yote. Deni, mtihani, blanketi, magodoro, chakula cha mbwa, jina la mtu mwingine chini ya maneno yangu. Nilipomaliza farasi bado alikuwa mkononi mwake.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Umekaa mwaka mzima hujaniomba karo. Mwanafunzi asiyeomba karo nimemwona wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Bonasi ya chai ya mwaka juzi iko sacco. Ya mwaka jana pia iko, yote. Sikuigusa. Mama yako alitaka tubadilishe mabati, nikamwambia angoje. Nilikuwa nangoja uombe."

Ningependa kuwaambia kwamba nilijisikia mwepesi. Watu huandika hivyo wakikiri mambo. Mimi niliangalia juu ya jikoni, pale mabati yalipotoboka na Mama ameweka ndoo, nikahesabu mvua za misimu miwili. Nilinyamaza nikidhani nawapunguzia mzigo. Kumbe mzigo ulikuwa umekaa sacco ukiningoja, na ndoo ikijaa.

Hakunigombeza. Akarudisha farasi kwenye benchi, akasema nimfundishe huu mchezo.

Nilimfundisha. Alishika haraka, isipokuwa farasi, ambaye bado anamwona hana adabu kwa kuruka vichwa vya watu. Katikati ya mchezo wa pili nilimwachia askari wazi makusudi, nimwone. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kumla, ukasimama hewani.

"Huyu lazima nimle?"

"Hapana. Chess hailazimishi."

"Kwa hivyo mtu akikupa, unaweza kukataa?"

"Unaweza."

Akafikiria hadi giza likaingia vizuri na dada akaleta taa. Hatimaye alisogeza kipande kingine kabisa, mbali na askari wangu.

"Basi huu ni mgumu kuliko wetu," akasema.

Mabati tulibadilisha mwezi uliofuata, kwa sehemu ya pesa hiyo. Iliyobaki bado iko sacco. Barua ya kuomba kurudi chuo nimeiandika mara tatu na sijaituma, kwa sababu sijaamua kama nataka kurudi au nataka tu Baba aone nimerudi, na hilo safari hii nimemwambia. Yule mteja wa herufi mbili alipotea. Meseji yake ya mwisho ilisema siku hizi maneno yanatoka kwenye mashine, bei rahisi.

Ngome iliyomegeka ni ya upande wa Baba. Niliwahi kumwambia tubadilishane. Alikataa. Alisema hiyo ndiyo anaijua hata gizani.