Bustani Iwe ya Waendao kwa Miguu

Siku za Sikukuu sisi wanafunzi huenda Forodhani, Unguja, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo. Tukitokea upande wa Ngome Kongwe, tunavuka njia ya magari tumewashika mikono wadogo zetu, na nguo mpya huwafanya watake kukimbia. Hatusemi magari yote yazuiwe: wauza vyakula wana mizigo, na gari la wagonjwa lina dharura. Tunaomba mizigo ishushwe kabla ya Alasiri, na mwendo upunguzwe. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 linataka usizidi kilomita 30 kwa saa pahala watu wanapochanganyika na magari. Kuondosha udhia njiani ni sadaka. Dereva apunguzaye mwendo naye ametoa yake. Wabillahi tawfiq.